Vitambaa visivyotaka kulala mezani: namna ya kuviwamba ukiwa Lamu

Swali: Assalam aleikum mwalimu. Niko Lamu, Langoni. Nafuma kitambaa cha meza kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, mwisho wa mwezi ujao. Ni vipande 36 vya mraba vya kroshia, uzi wa pamba nambari 10, mweupe, pamoja na vitambaa vinne vya duara vya kuwekwa juu ya stuli. Miraba haikulingana: mingine ina sentimita 14, mingine inafika 15 na nusu. Vya duara vimeinuka kingo. Nimeambiwa niviwambe, yaani nivivute na kuvibana kwa pini vikiwa vibichi hadi vikauke, kabla ya kuunganisha, lakini naogopa. Juzi nilipiga pasi shali la mama la uzi wa dukani, likalegea lote. Na pini nilizotumia mwaka jana ziliacha madoa ya kutu. Maji yetu ni ya kisima. Nianzie wapi, na wanga nitie au nisitie?

Jibu: Waaleikum salaam mwanangu, na hongera kwa mdogo wako, Mungu ajaalie kheri. Nitayajibu yote, ila si kwa mpango uliouliza. Acha nianze na shali, maana hofu yako imetoka huko, na kitambaa chako hakihusiani nalo hata kidogo.

Huo uzi wa rangi rangi unaouzwa kwa mabunda mara nyingi huwa ni akriliki, yaani plastiki iliyovutwa ikawa nyuzi. Plastiki ikipata joto hulegea, na akriliki huanza kulegea kwenye joto la karibu na maji yanayochemka. Pasi iliyowekwa alama ya nukta tatu, ule moto wa pamba, inafika nyuzijoto 200 hivi. Ile ya nukta moja ni kama 110. Kwa hiyo uliposhusha pasi ya moto wa pamba juu ya shali, ule mrudio wa uzi, ile hali ya kuvutika na kujirudisha, uliisha palepale. Haurudi kwa kufua wala kwa kuwamba upya. Wapo wafumaji wanaofanya hivyo kwa makusudi ili shali literemke begani kwa ulaini, basi huenda mama akalipenda hivyo hivyo. Siku nyingine akriliki iloweshe tu, ibane kwa pini, iache ikauke. Kama ni lazima utumie mvuke, pasi ielee juu yake bila kugusa, na uondoe mkono haraka.

Kabla hujaamini maandishi ya kwenye karatasi ya bunda, au kama karatasi yenyewe imepotea, kata uzi wenye urefu wa kidole, ushike kwa kibanio juu ya sinki, uwashe ncha yake. Pamba huwaka kwa mwali, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu hunuka nywele. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha kishanga kigumu cheusi. Usikishike kabla hakijapoa.

Wako ni pamba, na pamba haiogopi pasi. Ina tabia yake nyingine. Unapoilowesha, maji huingia ndani kabisa ya nyuzi na kulegeza vishikizo vidogo vidogo vinavyozifunga pamoja, ndipo unapoweza kuivuta ikakubali. Inapokauka, vishikizo hivyo hufungana upya mahali nyuzi zilipo wakati huo. Kwa maneno mengine, umbo halipatikani kwenye kulowesha wala kwenye pini, bali kwenye kukauka. Wanaolalamika kwamba kuwamba hakuisaidii pamba, tena wapo wengi, aghalabu wamechomoa pini wakati pembe zimekauka na katikati bado pana ubaridi. Huku kwetu Pwani kosa hilo ni rahisi mno kulifanya. Pamba iliyoanikwa ikakauka vizuri bado hubeba unyevu wa asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, sufu kama 16, akriliki haifiki hata 2. Na hizo ni hesabu za chumba cha maabara chenye hewa ya wastani. Lamu wakati wa masika, ukutani kwenyewe kunatoa jasho. Ndiyo maana sehemu kubwa ya jibu langu itakuwa juu ya kukausha.

Lakini kwanza tuone kama kazi yako inawambika.

Vya duara. Ukingo kuinuka si jambo la kuwamba hadi tujue umeinukaje na kwa nini. Duara la kroshia linalala mezani kwa sababu ya hesabu tu. Kila mzunguko mpya unausogeza ukingo nje kwa urefu wa mshono mmoja, na duara likisogea nje kiasi hicho, mzingo wake huongezeka kwa mara sita na ushei ya urefu huo. Sasa, ile nguzo ya kawaida, unayozungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuchoma, ina urefu wa karibu mara mbili ya upana wake. Sita mara mbili ni 12: kila mzunguko wa nguzo unataka nguzo 12 za nyongeza. Mshono mfupi usiozungushiwa uzi una urefu sawa na upana wake, nao unataka sita. Ukiongeza pungufu ya hapo, ukingo unakosa nafasi na kitambaa kinakuwa kikombe. Ukizidisha, kinafanya mawimbi. Cheni za matundu nazo zihesabu, kila cheni inachukua nafasi ya mshono mmoja pale ukingoni.

Hebu weka kimoja mezani, nyunyizia maji, kipigepige kwa kiganja kuanzia katikati kwenda nje. Kikilala na kubaki kimelala, pini zitakimaliza. Kikilala ukiwa umekibonyeza, ukaondoa mkono kikainuka tena, kuna mzunguko uliosahau kuongeza. Hesabu nguzo kuanzia ndani, mzunguko mmoja mmoja, mpaka ufike pale ambapo idadi haikupanda inavyotakiwa. Fumua hadi hapo. Najua inauma, lakini kikombe kilichobanwa kwa pini na kugandishwa kwa wanga kitakaa bapa mpaka siku kitakapofuliwa, kisha kitarudi kuwa kikombe, tena mbele ya mawifi.

Miraba ni habari tofauti kidogo. Kuwamba kunanyoosha, hakupunguzi. Kipande cha 14 unaweza kukivuta hadi 15, hasa kama kina matundu. Cha 15 na nusu hakirudi kuwa 15 kwa pini: ukikibana humo kitajaa katikati na kuvimba. Kwa hiyo usitafute wastani. Panga miraba yote sakafuni katika mafungu matatu: midogo, ya kati, mikubwa. Kama mikubwa ni michache, fumua mzunguko wa mwisho wa hiyo tu, uufume upya kwa sindano iliyo ndogo kwa saizi moja, halafu lenga 15 kwa vyote. Kama mikubwa ndiyo mingi, fanya kinyume chake: lenga 15 na nusu, na vile vya 14 uvifume mzunguko wa mwisho upya kwa sindano kubwa zaidi, kwa sababu kuvivuta sentimita moja na nusu kutayafanya matundu yake yaonekane makubwa kuliko ya jirani. Na uangalie tarehe ulizovifuma kama unazikumbuka. Nadhani utakuta vile vidogo ni vya mwanzo, mkono ulipokuwa bado umekaza.

Uwambe kabla ya kuunganisha. Aliyekuambia hivyo amekushauri vyema. Ukiunganisha kwanza, mraba mdogo utamvuta mkubwa, mkubwa utajikunja, na hapo hujui tena tatizo limeanzia wapi.

Sasa maji. Huku Malindi maji ya bomba yanatoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, na hatuna la kuwaza sana. Lamu, maji matamu yako chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na visima vingi vya majumbani mjini vina chumvi. Kuna mambo mawili hapo. La kwanza, maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa, na chokaa ikikutana na sabuni ya mche hufanya utando mweupe unaoshika kwenye uzi na kuupa ugumu mbaya wa kukwaruza. Tumia sabuni ya maji, kidogo. La pili ndilo kubwa: chumvi inayobaki ndani ya kitambaa huvuta unyevu kutoka hewani. Utawamba, utakausha, kitakuwa kikavu saa nane mchana, na ikifika isha kimelainika tena. Oshea maji ya kisima ukitaka, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji matamu, ya mvua au ya kununua. Hayahitajiki mengi. Ndoo ndogo inatosha kwa miraba kumi, ukiisuuza mara mbili kwa maji kidogo kidogo badala ya mara moja kwa maji mengi.

Loweka nusu saa, bonyeza mara kadhaa ili maji yaingie hadi moyo wa fundo, usisugue, usikamue kwa kusokota. Pamba iliyolowa ina nguvu kuliko iliyo kavu, haitakatika, ila kusokota kunapindisha nguzo na utashinda unazinyoosha moja moja. Tandaza kwenye taulo, ikunje taulo iwe roli, ikanyage kwa miguu mitupu. Kitoke kikiwa na unyevu bila kudondosha tone.

Taulo hiyo iwe nyeupe au ya zamani iliyokwisha toa rangi yote. Nasema hivi kwa sababu mkono wa mtu wa Pwani unakimbilia leso, na leso mpya ikipata maji hutoa rangi, na nyekundu ya leso ikishaingia kwenye pamba nyeupe haitoki. Mkeka wa ukindu vilevile: zile mistari za rangi ya zambarau na kijani zimetiwa kwa kuchemshwa, na kitambaa kibichi kikilala juu yake usiku kucha utaamka na mchoro ambao hukuufuma.

Kwa vya duara unahitaji kitu bapa kinachokubali pini. Zile sponji ngumu za rangi za watoto zinazounganishwa mithili ya chemshabongo ni nzuri sana. Godoro la sponji lililofunikwa shuka nyeupe linafaa, ingawa ukilibonyeza linazama na vipimo vinakuhama. Boksi jeupe la kubebea samaki lafaa pia, lioshe kwa sabuni na ndimu na ulianike kwanza, isije harusi ikanukia nguru. Juu ya ubao wowote utakaoupata tandika karatasi nyeupe yenye mchoro, kisha nailoni safi juu yake ili wino usipande. Mchoro wenyewe: chomeka pini katikati, funga uzi, funga penseli kwenye ncha ya pili, zungusha. Chora duara la kila mzunguko mkubwa wa kitambaa, siyo la ukingo tu. Kisha gawanya duara kwa mistari kutoka katikati. Kama kitambaa kina maua 16 ukingoni, mistari 16. Bila mistari hiyo utavuta upande wa mkono wako wenye nguvu zaidi na hutaona mpaka umemaliza.

Pini ya kwanza iwe katikati. Ya pili hadi ya tano, pande nne zinazokabiliana, kusini kisha kaskazini, mashariki kisha magharibi. Halafu gawa kila nafasi kati kwa kati, uendelee hivyo. Usianze sehemu moja ukazunguka, kwa kuwa utakapofika mwisho kutakuwa na upungufu au ziada isiyo na pa kwenda. Pini iinamie nje, kichwa kikitazama mbali na katikati, isije ikachomoka pindi uzi unapokauka na kujivuta. Kila ncha ya ua ipate pini yake. Ndiyo, ni pini nyingi. Kitambaa cha maua 16 chenye ncha tatu kila ua kinakula 48 ukingoni pekee.

Kuhusu kutu: hewa ya Lamu ina chumvi, na pini nyingi za dukani ni chuma kilichopakwa tu. Pini za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu ndizo za kutafuta, lakini usiamini maneno ya muuzaji. Chukua kitambaa chakavu cheupe, kiloweshe kwa maji ya chumvi, chomeka pini tatu za kila aina uliyo nayo, uache hadi asubuhi. Iliyoacha hata nukta ya kahawia, iende kwenye kazi nyingine. Yale madoa ya mwaka jana yanaweza kutoka: kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, weka juani saa moja au mbili huku ukiongeza ndimu ikikauka, kisha suuza sana. Rudia kama doa limebaki. Kwenye uzi wa rangi jaribu kwanza pembeni. Jik usiguse kabisa. Kutu haiondolewi na dawa ya klorini, huganda zaidi na uzi unachakaa.

Kwa miraba 36, pini zitakuchosha na vipimo vitakuhama kadiri unavyochoka. Mtafute seremala akutobolee kipande cha plaiwudi: matundu manne ya pembe, umbali wa sentimita 15, au kipimo ulicholenga, kutoka tundu hadi tundu, na mengine manne katikati ya kila ubavu, yaliyo sawasawa na mstari wa pembe. Ndani yake simamisha vijiti vya mishikaki, vile vya mwanzi. Viloweke usiku mmoja kwanza vitoe maji yake ya kahawia, vikaushe, vipige msasa visije vikashika uzi. Sasa kila mraba unauvisha kwenye vijiti vinane, unausukuma chini, unavisha mwingine juu yake. Usiache vijiti vya ubavuni ukadhani pembe zinatosha. Mraba uliovutwa pembe peke yake hukauka ubavu umebonyea ndani, na ukija kuunganisha utapata matundu ya umbo la jicho kati ya kipande na kipande.

Wengine hurundika miraba kumi kwenye vijiti hivyo hivyo. Nairobi pengine inawezekana, hewa ya huko kavu. Lamu weka minne, na kati ya mmoja na mwingine acha nafasi ya kidole upepo upite. Mbao mbili ni miraba minane kwa mkupuo, mikupuo mitano umemaliza.

Kukausha. Anza asubuhi umande ukishaondoka, siyo jioni. Mahali pazuri kuliko pote ni juu darini, kwenye kivuli chenye upepo, maana nyumba ya mawe chini kuna ubaridi ambao hauishi. Pamba nyeupe haidhuriki na jua la siku moja. Uzi wa rangi ndio uuweke kivulini daima. Kaskazi ikivuma, mraba wa uzi nambari 10 unaweza kukauka mchana mmoja. Kusi ikileta mvua, ubao uhame ndani, feni iuelekee kwa kasi ndogo, na uhesabu mchana na usiku mzima. Usiharakishe kwa jiko la makaa, moshi unaingia kwenye pamba na weupe unageuka. Juu ya ubao tandaza kipande cha chandarua kilichoinuliwa kidogo kisiguse kazi. Hicho ni kwa ajili ya kunguru, na zaidi ni kwa ajili ya paka. Paka wa Lamu akiona kitu cheupe, laini, kimetandikwa kivulini, hahitaji kualikwa.

Usipime ukavu kwa vidole, vinakudanganya. Weka shavu kwenye fundo nene lililo katikati kabisa. Ukihisi ubaridi, maji bado yamo. Acha. Ukisikia halina ubaridi wala joto, acha saa mbili zaidi ndipo uchomoe. Kama jua linakaribia kuzama na bado kuna ubaridi, ingiza ubao ndani kama ulivyo, kazi ikiwa juu yake, uendelee kesho.

Nimekuja kwenye wanga mwisho kwa sababu watu huuanza mapema mno, wakitaka ufanye kazi ya kuwamba. Wanga hushikilia umbo lililokwisha patikana. Kitambaa cha meza kinatakiwa kiteremke ukingoni na kikunjike, kwa hiyo kitie chepesi au usitie kabisa. Mimi nisingetia. Vile vya stuli ndivyo vinavyotaka wanga wa wastani, visimame na kuonyesha maua yake.

Wanga wa muhogo ndio ninaoupenda, kwa kuwa ukiiva huwa angavu na hauachi weupe wa unga kwenye matundu. Unga wa muhogo wa dukani haufai, una nyuzi zake. Nunua muhogo mbichi sokoni, uukune, tia maji, chuja kwa kitambaa ukikamua vizuri, acha maji hayo yatulie kwenye bakuli saa kadhaa. Mwaga maji ya juu taratibu, chini utakuta tabaka jeupe zito linaloteleza kidoleni. Huo ndio wanga. Kijiko kimoja cha chakula, vikombe viwili vya maji: koroga kwanza katika maji baridi kidogo hadi madonge yaishe, kisha mimina ndani ya maji yaliyobaki yakiwa motoni, usiache kukoroga. Kwanza utaona maji ya maziwa maziwa. Ghafla yanakuwa mazito na kuangaza, unaona chini ya sufuria. Hapo epua. Usipofika hapo, wanga ni unga tu ndani ya maji, utakauka ukapukutika.

Uache upoe hadi uvumilie mkono, chovya kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, kibonyeze hadi uingie, kikamue kwa viganja, ndipo uwambe. Angalia matundu: wanga unapenda kutanda humo utando mwembamba, na ukikauka unaonekana. Pitisha sponji kavu juu yake, au puliza. Na wakati wa kuchomoa, kila pini izungushe kwanza, kwa sababu wanga umeigandisha kwenye uzi, na ukiivuta moja kwa moja utang'oa ncha ya ua uliyoihangaikia.

Utasikia habari za sukari, kikombe kwa kikombe na maji, ichemshwe. Inakaza kweli, hata kikapu kinasimama nayo, lakini kwenye hewa yetu inanata ifikapo jioni, na sisimizi watakijua kitambaa chako kabla wageni hawajafika. Gundi nyeupe iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa nayo inakaza, ila haitoki vizuri ikishakauka, basi iweke kwa mapambo ya kutundika ambayo hayatafuliwa kamwe. Na wanga wenyewe una wapenzi wake: mende wanaula, na ukungu unamea juu yake masika. Harusi ikiisha, vitambaa vya stuli vifuliwe wanga utoke, vikauke kabisa, vikunjwe kwa kuviringishwa kwenye bomba la karatasi ngumu, siyo kwa mikunjo.

Kuhusu muda, mwezi mmoja na kitu unakutosha ukianza wiki hii na kufumua kunakotakiwa. Kisha mikupuo mitano ya miraba, na uiwekee wiki nzima na siku mbili za mvua. Unganisha miraba yote ikiwa mikavu. Ukimaliza utakuwa na kitambaa cha sentimita 90 kwa 90 kama umelenga 15, kabla ya ukingo. Fuma ukingo, halafu kiwambe mara moja tena kikiwa kizima, kwa kunyunyizia maji tu bila kukilowesha, kwenye godoro lenye shuka nyeupe: pembe nne kwanza, katikati ya kila ubavu, kisha kila kiungio cha mraba kilicho ukingoni. Uzi wako ukiwa ni ule wenye mng'ao, utatulia haraka zaidi. Uzi huo umepitishwa kwenye magadi makali kiwandani, njia aliyoisajili John Mercer wa Uingereza mwaka 1850. Kuuvuta uzi wakati wa kazi hiyo ndiko kulikokuja baadaye kukaleta mng'ao, na ndio sababu haurudi sana nyuma ukifuliwa.

Mwambie mdogo wako kwamba kila akikifua kitahitaji kunyooshwa tena. Haitakuwa kazi hii yote. Akivute kwa mikono kikiwa kibichi, abane pembe na viungio, na kikikaribia kukauka akigeuze uso chini juu ya taulo nene apige pasi ya moto wa pamba kwa nyuma, ili maua yasibondeke.

Ukikwama, itakuwa kwenye vya duara. Basi niandikie idadi ya nguzo za kila mzunguko kuanzia katikati. Usinitumie picha, picha haihesabiki.